Mwili wa Mzazi Baada ya Kujifungua



Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona, nalo ni namna mwili wa mwanamke aliyezaa unavyorudia nguvu zake na umbo lake. Msidhani ya kuwa ni habari ya wanawake peke yao. Kila mume, kila mama mkwe, na kila mwanafunzi aliye na dada ana sehemu yake katika jambo hili. Na ajuaye kusoma na amsomee asiyejua.

Mtoto azaliwapo, watu wote humtazama yeye. Huulizwa kama ananyonya, kama analala, na amefanana na nani. Mama yake husahauliwa upesi, na pengine baada ya juma moja huonekana kisimani na ndoo kichwani. Akiulizwa hali yake hujibu kwamba ni mzima. Lakini ndani ya mwili wake kazi kubwa ingali inaendelea, na mzigo auchukuao siku zile waweza kumletea udhaifu wa miaka mingi.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mji wa mimba, ambao kabla ya mimba ni mdogo kama ngumi, siku ya kujifungua huwa na uzito wa kilo 1 hivi, na ncha yake ya juu hufika karibu na kitovu. Toka siku ile hunywea na kushuka, kadiri ya upana wa kidole kimoja kila siku, hata baada ya siku 10 mpaka 14 mkono hauwezi kuusikia tena juu ya tumbo. Majuma 6 yakitimia, uzito wake huwa chini ya gramu 100. Maumivu yale yaitwayo chango, ambayo mzazi huyasikia hasa mtoto anyonyapo, ni dalili ya kazi hiyo. Kwa maana kunyonyesha huuamsha mwili kutoa dawa yake wenyewe inayokaza mji wa mimba. Basi anyonyeshaye humlisha mtoto na kujiponya mwenyewe kwa tendo moja.

Wazee wa pwani hawakukosa hekima walipoweka desturi ya arobaini. Siku 40 ni karibu sawa na majuma 6 ambayo waganga wa hospitali huyahesabu. Mzazi kupikiwa uji wa pilipili manga, kuondolewa kazi nzito, na kuwa na mtu mzima wa kumwangalia ni mambo mema sana. Lakini matatu yataka hadhari. La kwanza ni kukandwa kwa maji ya moto: maji yanayounguza hudhuru ngozi, na huharibu kidonda cha mwanamke aliyeshonwa au kupasuliwa. La pili ni kufungwa tumbo. Kanga iliyofungwa taratibu yaweza kumpa mzazi raha. Lakini ikikazwa kwa nguvu haiyeyushi mafuta, bali husukuma viungo vya ndani chini, mahali palipo dhaifu. La tatu ni kulala siku nyingi bila kuondoka kitandani. Ulaya nako, mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi waliwekwa kitandani siku 10 au zaidi, hata waganga walipotambua kwamba kulala hivyo huifanya damu igande miguuni. Kupumzika si kulala tu. Mzazi asiye na shida na atembee polepole nyumbani tangu siku ya kwanza.

Sasa tuseme juu ya mahali palipo dhaifu. Chini ya nyonga pana misuli iliyotandazwa mfano wa kamba za kitanda, nayo hukibeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Miezi 9 ya mimba, na saa za uchungu, huilegeza. Kila mtu ajua kitanda kilicholegea kifanywavyo: huwambwa tena, hakiongezewi mzigo. Mwanamke atwikwaye mizigo kabla misuli hiyo haijakaza huenda akaona mkojo ukimponyoka akikohoa au akicheka, naye akaona haya kusema. Na wengine mji wa mimba hushuka hata ukajitokeza nje. Wako wanaoishi na taabu hiyo maisha yao yote, wakidhani kwamba ndiyo ada ya kuzaa. Sivyo; ni maradhi yenye dawa.

Katika mwaka wa 1948 mganga wa Marekani, Arnold Kegel, alieleza mazoezi ya kuitia nguvu misuli hiyo, na mpaka leo hufundishwa duniani kote. Hayahitaji chombo wala fedha. Mzazi na akae au alale, akaze misuli ya chini kana kwamba azuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kuzuia pumzi. Ahesabu mpaka 5, alegeze, apumzike kadiri ileile, kisha arudie mpaka mara 10. Afanye hivyo mara 3 kila siku, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Mwanzoni huenda asiweze kuhesabu zaidi ya 2; haba na haba hujaza kibaba.

Tumbo nalo lina zoezi lake. Misuli miwili ya mbele, iliyoshuka kutoka mbavuni mpaka kinenani, huachana katikati wakati wa mimba. Mzazi na alale chali, magoti juu, avute pumzi, na aitoapo avute kitovu ndani taratibu. Asianze kwa kuinuka na kulala kwa nguvu kama askari. Ikiwa baada ya majuma 8 nafasi kati ya misuli hiyo ingali inapita vidole viwili, amwone mganga. Aliyepasuliwa asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa majuma 6 hivi, na ashauriwe na mganga kabla ya mazoezi makubwa.

Juu ya unene, siku ya kuzaa mwanamke hupungua kilo 5 au 6, yaani mtoto, kondo na maji. Yaliyobaki yalikusanywa kwa miezi 9, hayawezi kuondoka kwa siku 9. Anyonyeshaye asijinyime chakula. Ahitaji kula zaidi kuliko alivyokula kabla ya mimba. Maharagwe, dagaa, mayai, mchicha na matunda ni bora kuliko sahani kubwa ya wali mtupu. Akipewa vidonge vya chuma hospitali, asivitupe. Na mwili wapasa kupewa nafasi: Shirika la Afya Duniani lashauri kungoja angalau miezi 24 toka kuzaa mpaka kuchukua mimba nyingine.

Tena mzazi asikose kwenda kliniki. Shirika hilo lataka aangaliwe angalau mara 4: katika saa 24 za kwanza, siku ya 2 au ya 3, juma la 2, na juma la 6. Lakini asingoje siku hizo, bali apelekwe mara moja, mchana au usiku, akitokwa na damu nyingi, akiwa na homa, akitoka uchafu unaonuka, akiumwa kichwa sana na macho kuona kiza, akipatwa na kifafa, akivimba mguu mmoja wenye maumivu, au akishindwa kupumua. Mambo hayo huua upesi, wala si kazi ya kukanda wala ya uji.

Neno la mwisho ni kwenu, akina baba. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20, yaani zaidi ya watoto wachanga 6 kwa pamoja. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini ndoo hata mwanamume aweza kuichukua. Mwenye baiskeli na aifunge dumu nyuma. Asiye nayo ana mabega. Akionekana kisimani, wenzake huenda wakamcheka siku mbili au tatu. Mkewe akidhurika, hasara yaweza kudumu hata wajukuu waje. Basi kila nyumba inayotazamia mtoto na ikubaliane tangu sasa ni nani atakayechota maji na kukata kuni kwa siku 40, kabla uchungu haujaanza.