Nani alishika redio nyumbani kwenu?

Muulize mtu mzima wa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, anapenda muziki gani, na mara nyingi atakutajia mtu kabla ya bendi. Atamtaja nkambo, yaani bibi au babu, aliyeimba Kisanga huku akitwanga, au mjomba mpiga gitaa, au yaya, yaani ndugu mkubwa, aliyeficha kaseti za Franco chini ya godoro. Sisi tunaochunguza sikio la binadamu hatuna sababu ya kulicheka jibu hilo. Mapenzi ya muziki huanza kwa mtu, na wimbo huja nyuma yake.

Kazi ya kulichonga sikio huanzia tumboni. Mwaka 1988 Peter Hepper wa Belfast alionyesha kwamba vichanga ambao mama zao walifuatilia tamthilia fulani ya televisheni wakiwa wajawazito walitulia waliposikia muziki wa kuifungulia. Vichanga wengine hawakuujali. Baada ya kuzaliwa, nyumba huendelea kulichonga sikio. Mwaka 2005 Erin Hannon na Sandra Trehub walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto wa Amerika Kaskazini wenye miezi 6 hutambua kasoro katika midundo ya Balkani ambayo ni migeni kabisa kwao. Wakifika miezi 12, uwezo huo huwa umefifia. Kumbe kabla mtoto hajatembea, nyumba imeshaamua mdundo upi utakuwa wa kawaida kwake na upi utakuwa wa ajabu.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Samuel Mehr na wenzake, wa mwaka 2016. Watoto wa miezi 5 walifundishwa wimbo mpya. Baadhi yao waliusikia ukiimbwa na mzazi, wengine ukitoka kwenye kidude cha kuchezea. Kisha wakaonyeshwa watu wawili wasiowajua, mmoja akiimba wimbo ule na mwingine akiimba wimbo tofauti. Waliofundishwa na mzazi walimkazia macho zaidi yule aliyeimba wimbo wa nyumbani. Wale wa kidude hawakumpendelea yeyote, ingawa wimbo waliusikia vilevile. Kwa mtoto, wimbo uliotoka kinywani mwa mzazi ni alama ya mtu wa kwetu.

Tatizo ni kwamba tafiti hizi huhesabu baba na mama tu. Ukileta hesabu hiyo Lualaba, mkoa wa Kolwezi, utakosea. Mwaka 1928 kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka 3 na kuwataka waje na wake zao, badala ya kuchukua wanaume peke yao kwa miezi michache. Kolwezi ilipoota katika miaka ya 1930, sera hiyo ilikuwa imekomaa. Kambini, Mluba alipakana na Mchokwe, Mlunda na Msanga, na mtu wa Kasai alioa binti wa jirani. Kampuni yenyewe ikajifanya mzazi. Watu wakasema kazi njo baba, njo mama. Mchana mtoto aliisikia lugha ya mama katika nyimbo za kazi za nyumbani, Jumapili akaisikia kwaya ya misheni, na jioni baba aliporudi redio ilikuwa yake. Baba akiwa zamu ya usiku, mwenye redio ni yaya. Huyo ndiye ningependa watafiti wamtafute, maana kwa mtoto wa miaka 9 hakuna mtu mkubwa duniani kama kaka yake wa miaka 17.

Gitaa la Katanga, eneo hilihili la migodi, lenyewe linathibitisha nguvu ya ndugu. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika ukoo wa watawala wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi. Kidole gumba na cha shahada vilitosha kumfanya ajulikane hadi Nairobi. Na ni nani aliyemfuata kwa karibu katika mtindo huo? Edouard Masengo, binamu yake, ambaye naye alivuma Afrika Mashariki. Wanahistoria hupenda kusimulia kwamba gitaa lililetwa na migodi na maduka ya Wazungu. Ni kweli, lakini duka humuuzia mtu chombo tu. Hamu ya kukipiga aliipata kwa ndugu.

Ujana nao una nguvu zake. Morris Holbrook na Robert Schindler waligundua mwaka 1989 kwamba watu huzipenda zaidi nyimbo zilizotamba walipokuwa na umri wa miaka 23 au 24 hivi. Marafiki hutawala umri huo, na nyumba husahaulika kidogo. Lakini mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick waliwapima vijana wa Marekani wa miaka kama 20, wakakuta jambo la kuvutia: pamoja na nyimbo za wakati wao, zile za ujana wa wazazi wao nazo ziliwagusa kwa namna ya pekee. Kisha palikuwa na kilima kingine, cha miaka ya 1960, ambacho huenda ni cha babu na bibi. Ukifuata hesabu hiyo, kijana wa Manika, mtaa wa Kolwezi, aliyezaliwa mwaka 2000 anabeba ugomvi wa mashabiki wa JB Mpiana na Werrason bila kuushuhudia ukianza, na chini yake kuna Franco na Tabu Ley.

Mnyororo huo umewahi kukatika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, ikaanguka nao. Baba asiye na mshahara hanunui betri. Mwaka 1993 Wakasai walifukuzwa, treni zikaondoka zimejaa. Katika nyumba zenye damu mbili, nyimbo za Ciluba zilibaki au ziliondoka kutegemea nani alipanda treni.

Leo kila mtu ana simu yake na spika zake za masikioni, na hakuna tena wa kugombea redio. Nadhani yaya ndiye aliyepoteza zaidi, kwa kuwa mdogo wake hasikii tena anachosikiliza. Nkambo bado ana nafasi yake kwenye kilio, ambako usiku kucha watoto hulala mapajani mwa watu wazima wanaoimba, na hakuna anayewauliza kama wimbo wanaupenda.