Dawa ya Jicho Haiazimwi

Jirani yako wa Mtaa wa Msimbazi kaamka na jicho jekundu. Nawe unamwazima chupa ya atropini uliyoandikiwa na daktari. Ngoja kwanza! Dawa hiyo hutanua mboni, na nguvu yake huweza kukaa wiki nzima. Mwenye presha ya macho inaweza kumpofusha. Mtoto akizidishiwa hupata homa, mdomo humkauka, moyo humwenda mbio, hata akaweweseka. Huyo mkimbize hospitali.

Wewe uliyeandikiwa, nawa mikono, dondosha kadiri ulivyoagizwa, kisha bonyeza kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika 2, dawa isishuke mwilini. Ukiona ukungu, usishike usukani. Na jirani? Msindikize kwa daktari wa macho.