Taa ya cheki injini: Pima kwanza, nunua sensa baadaye

MKULIMA anapoona majani ya mahindi yake yamegeuka rangi ya njano, hakimbilii dukani siku hiyo hiyo kununua mfuko wa urea. Huenda shamba lina upungufu wa naitrojeni, lakini pia huenda maji yametuama au wadudu wameingia kwenye mizizi. Akinunua mbolea wakati tatizo ni maji, atapoteza fedha na mahindi pia.

Cha kushangaza ni kwamba mkulima huyo huyo, taa ya njano yenye picha ya injini inapowaka kwenye dashibodi ya gari lake, hufanya kinyume. Ama huipuuza kwa miezi kadhaa, ama hulipa kwa kila anachoambiwa gereji bila kuuliza kimepimwa vipi. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa mmoja wa walioshauri vibaya.

Shemeji yangu hununua kabichi, karoti na njegere kwa wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, na kuziuza mjini Morogoro. Gari lake ni dogo la mizigo lenye injini ya petroli ya cc 1500, mtumba kutoka Japani. Taa ilipowaka aliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa familia. Nilimjibu kwa kujiamini kwamba maadamu gari linatembea, aendelee na kazi.

Miezi minne baadaye tulikaa kufunga hesabu zake. Shemeji ana tabia nzuri ya kuandika kila kitu kwenye daftari. Awali, safari moja ya kwenda Mgeta na kurudi ilikuwa ikitumia lita 9 za petroli. Sasa ilikuwa inatumia lita 11. Tukashuku kwamba kituo cha mafuta kinampunja. Kumbe mwizi alikuwa ndani ya bomba la moshi la gari lenyewe.

Sensa ya oksijeni ni nini?

Hapa hatuzungumzii sensa ya kuhesabu watu na makazi. Sensa ya oksijeni ni kifaa kidogo, ukubwa wake kama plagi ya injini, kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuipa taarifa kompyuta ya gari.

Ili petroli iungue vizuri, kila kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, maana yake petroli ni kidogo. Oksijeni ikiwa kidogo mno, maana yake petroli imezidi. Sensa ya kawaida hutoa umeme mdogo sana: karibu volti 0.1 petroli ikipungua, na karibu volti 0.9 ikizidi. Kompyuta husoma umeme huo na kuongeza au kupunguza petroli, mara nyingi ndani ya dakika moja.

Sensa haifanyi kazi ikiwa baridi. Inahitaji joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana sensa nyingi zina hita ndogo ndani yake ili zipate moto haraka baada ya gari kuwashwa. Hita hiyo ikikatika, kompyuta hukosa taarifa ya kuaminika na kuanza kukadiria. Katika kukadiria huko, mara nyingi humimina petroli kuliko inavyohitajika, na anayelipia ziada hiyo ni mwenye gari.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana sensa mbili au zaidi. Ya kwanza hufungwa kabla ya katalista, yaani lile kopo la ekzosi linalosafisha moshi, na ndiyo inayoongoza kiasi cha petroli. Ya pili hufungwa baada ya katalista, na kazi yake kubwa ni kuangalia kama katalista bado inafanya kazi. Tofauti hii ndiyo iliyomgharimu shemeji.

Fedha zilivyopotea

Gereji ya kwanza ilisoma kompyuta ya gari na kupata kodi P0135. Kodi hiyo inahusu saketi ya hita ya sensa ya kwanza. Fundi akasema sensa imekufa, akaingia chini ya gari na kubadilisha sensa iliyokuwa rahisi kufikiwa, ambayo ni ile ya pili. Aliyofunga ilikuwa ya mtumba. Akafuta kodi, taa ikazima, akalipwa. Siku mbili baadaye taa ikawaka tena.

Gereji ya pili haikusoma chochote. Ilibadilisha plagi zote na koili moja kwa madai kwamba magari ya aina ile ndivyo yalivyo. Taa haikuzima. Wakati gari likiwa limelala gereji, safari nne za Mgeta zilikosekana. Mkulima aliyekuwa amemvunia njegere aliona zinaanza kunyauka, akauza kwa mchuuzi mwingine. Mpaka leo anauza kwa huyo mwingine.

Wa tatu alikuwa fundi mmoja mzee mwenye mita ya kupimia umeme. Alisoma kodi, akaiandika kwenye karatasi, kisha akachomoa soketi ya sensa ya kwanza na kupima. Kazi yote haikuzidi nusu saa. “Kijana wangu,” aliniambia, “kompyuta inakuonyesha mtaa. Nyumba unaitafuta mwenyewe.”

Alikuta umeme wa betri unafika kwenye soketi vizuri, lakini hita ndani ya sensa imekatika. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba sensa ndiyo mbovu. Tulinunua mpya moja, ya kwanza, na matumizi yakarudi lita 9 kwa safari.

Hatua za kufuata taa inapowaka

Kwanza, angalia taa inawaka vipi. Ikiwa imetulia na gari linakwenda kawaida, unaweza kumalizia safari na kupanga kwenda kwa fundi ndani ya siku chache. Ikiwa inawaka na kuzima huku injini ikitetemeka, punguza mwendo na usimame mahali salama, kwa sababu petroli isiyoungua inaingia kwenye katalista na inaweza kuiunguza. Usichanganye taa hii na taa nyekundu ya oili au ya joto. Hizo zikiwaka, zima injini mara moja.

Pili, kodi isomwe na iandikwe kabla ya kufutwa. Zinazohusu sensa ya kwanza ni pamoja na P0130 (saketi yake), P0133 (inajibu polepole) na P0135 (hita yake). Za sensa ya pili ni pamoja na P0136 na P0141. P0171 husema petroli ni kidogo kuliko hewa, P0172 husema petroli imezidi, na P0420 hulalamikia katalista. Hizi tatu za mwisho mara nyingi husababisha watu wauziwe sensa wakati sensa ni nzima na inasema ukweli.

Fahamu pia kwamba baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani na visomaji vidogo vya bei rahisi, hata kama soketi inaingia. Kisomaji kikikosa kuwasiliana na kompyuta, hiyo si dalili kwamba gari ni bovu. Tafuta fundi mwenye mashine inayofaa.

Tatu, tumia macho. Angalia kama waya wa sensa umegusa ekzosi na kuyeyuka, kama panya wameutafuna, au kama soketi imeingia maji na kutu. Kagua fyuzi. Sikiliza kama ekzosi inavuja kabla ya sensa, kwa kuwa hewa ikiingia hapo itaidanganya.

Nne, pima hita. Sensa yenye nyaya nne huwa na mbili za hita, na mara nyingi hizo mbili zina rangi moja. Soketi ikiwa imechomolewa, mita ikipima kati ya nyaya hizo upande wa sensa isome ohmu chache; kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Ikionyesha kwamba njia imekatika, hita imekufa. Upande wa pili wa soketi, injini ikiwa inaunguruma, umeme wa karibu volti 12 ufike. Usipofika, tatizo ni fyuzi, rilei au waya, na sensa mpya haitasaidia kitu.

Tano, pima taarifa inayotoka. Injini ikiwa imepata moto, umeme wa sensa ya kwanza ya kawaida unatakiwa kupanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9. Ukiganda upande wa chini, fundi asiseme moja kwa moja kwamba sensa imekufa. Akanyage mafuta ghafla aone kama unapanda, kisha aachie mpira mmoja wa vakyumu uvute hewa aone kama unashuka. Sensa ikijibu, ni nzima. Atafute uvujaji wa hewa, pampu ya mafuta dhaifu au injekta chafu.

Tahadhari moja: baadhi ya injini, zikiwamo nyingi za Toyota, hutumia sensa ya kwanza ya aina nyingine inayoitwa A/F. Kwa sura inafanana na ya kawaida, lakini haipimwi kwa volti hizo na haibadilishwi kwa ya kawaida. Nenda dukani na namba ya spea, au na sensa yenyewe mkononi.

Kununua na kufunga

Sensa ya mtumba ni bahati nasibu kwa sababu hujui imetembea kilomita ngapi. Ukilazimika kuinunua, nenda na mita na upime hita hapo hapo dukani kabla ya kutoa fedha. Hakikisha soketi inafanana na ya gari lako. Fundi anayekata nyaya na kuzifunga kwa kuzisokota anakutengenezea ugonjwa mwingine.

Sensa nyingi hufunguliwa kwa spana ya milimita 22. Iwapo kutu imeikamata, dawa ya kulainisha kutu na injini yenye uvuguvugu husaidia, lakini ekzosi ya moto huunguza. Grisi maalum ya nyuzi ipakwe kwenye nyuzi tu, isiguse ncha ya sensa.

Jambo jingine ni silikoni ambayo mafundi wengi hupaka kwenye gasketi. Silikoni isiyo salama kwa sensa hutoa mvuke unaoweza kuiua hata kama ni mpya. Injini inayokula oili au inayovuja maji ya rejeta ndani nayo huiua. Zamani risasi iliyochanganywa kwenye petroli ilikuwa adui mkubwa, lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, hivyo hilo si kisingizio tena. Sensa ikifa mara kwa mara, tafuta kinachoiua.

Baada ya kufunga, kodi ifutwe na gari liendeshwe siku kadhaa katika njia ya kawaida, milima na tambarare. Taa isiporudi, kazi imekwisha. Kuchomoa waya wa betri ili taa izime si tiba. Kunafuta kumbukumbu ya ugonjwa, na ugonjwa unabaki pale pale.

Hesabu yenyewe

Shemeji alikuwa akipoteza lita 2 kwa kila safari, na kwa wiki alikwenda safari 3. Hizo ni lita 6 kwa wiki, au lita 24 kwa mwezi wa wiki nne. Kwa miezi minne ni lita 96, karibu matangi mawili ya gari dogo. Chukua bei kikomo ya petroli inayotangazwa na EWURA kila mwezi, zidisha kwa 96, kisha ulinganishe na bei ya sensa mpya katika duka la spea lililo karibu nawe. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia matumizi ya mafuta ya magari inaeleza kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama ya sensa ya oksijeni kunaweza kuboresha matumizi hadi kwa asilimia 40. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, lakini hata nusu ya hapo ni faida ya mfanyabiashara mdogo.

Kuna hasara nyingine inayokuja polepole. Petroli inayozidi hupasha moto katalista kupita kiasi na kuiharibu. Ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei yake haiwezi kulinganishwa na ya sensa.

Hivyo basi, mwenye gari afanye mambo matatu. Aandike lita na kilomita za kila safari, maana daftari la shemeji ndilo lililofichua ugonjwa wakati mimi nilikuwa nimeshaupuuza. Adai kuandikiwa kodi kabla haijafutwa. Na kabla ya kutoa fedha ya spea, amuulize fundi swali moja: “Umepima nini, na umepata ngapi?” Fundi anayejua kazi yake hatachukia swali hilo. Yule mzee alitujibu hata kabla hatujamuuliza.