NFS: Bidhaa iliyogawiwa ikateka soko

Mfanyabiashara anayenunua kompyuta kumi za ofisi hukutana mapema na swali la gharama: faili za kampuni zikae wapi? Zikikaa katika kila mashine, atalipia diski kumi, na orodha ya bei itakuwa na nakala kumi, kila moja ikisema lake. Zikikaa katika seva moja, atalipia diski moja kubwa na wote watasoma orodha ileile.

Njia ya pili ndiyo iliyozaa soko kubwa la vifaa vya kuhifadhia taarifa, na sehemu kubwa ya soko hilo ilijengwa juu ya mfumo wa faili wa mtandao unaojulikana kwa herufi tatu, NFS. Ulitengenezwa mwaka 1984 na kampuni ya Sun Microsystems ya California, Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Utaratibu wake si mgumu. Seva hutangaza saraka, yaani kabati la faili, na kutaja ni kompyuta zipi zinazoruhusiwa kulitumia. Kompyuta ya mtumiaji hulipachika kabati hilo katika mfumo wake, na tangu hapo karani hufungua faili kana kwamba limo ndani ya mashine yake mwenyewe. Kwa njia hiyo Sun iliweza kuuza kompyuta za kazi zisizo na diski kabisa, wakati diski zilipokuwa ghali.

Lililowashangaza washindani ni uamuzi wa kibiashara. Badala ya kuificha itifaki yake, Sun iliichapisha ili yeyote aweze kutengeneza NFS yake. IBM, Hewlett-Packard na Digital, ambao walikuwa wakigombea wateja walewale, wote waliiingiza katika mashine zao.

AT&T, wenye mfumo wa UNIX, walikuja na mfumo wao wa RFS mwaka 1986. Mfumo huo ulifuata kanuni za UNIX kwa ukamilifu zaidi, lakini seva yake ilipaswa kukumbuka kila faili lililofunguliwa na kila mtumiaji. Ikizimika, kumbukumbu hiyo ilipotea. Seva ya NFS ya wakati huo haikuwa na mzigo huo. Ikizimika na kuwashwa tena, kompyuta za watumiaji zilirudia maombi yao na kazi ikaendelea. Hatimaye AT&T wenyewe waliiweka NFS ndani ya toleo la nne la UNIX System V, kando ya RFS. RFS ilififia.

Hata hivyo, faida haikubaki yote mikononi mwa Sun. Toleo la pili la NFS lilidai kwamba seva isijibu "nimeandika" mpaka data iwe imehifadhiwa pasipo hofu ya umeme kukatika. Kungoja diski kulipunguza mwendo. Kampuni ya NetApp, iliyoanzishwa mwaka 1992, ikauza seva isiyofanya kazi nyingine ila kugawa faili, yenye kumbukumbu ya betri iliyopokea maandishi kwa haraka na kuyatunza hata umeme ukikatika. Wateja walinunua. Toleo la tatu, lililochapishwa Juni 1995, lililegeza sharti hilo na kuruhusu mafaili makubwa zaidi. Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle Januari 2010, lakini NFS haikufa pamoja na jina hilo, kwa kuwa maendeleo yake yalikwisha kukabidhiwa kwa chombo cha viwango vya intaneti, ambacho kilichapisha toleo la nne mwaka 2000. Leo NFS imo bure ndani ya Linux, na tangu mwaka 2016 Amazon inakodisha hifadhi ya aina hiyo kwa kiasi mteja anachotumia.

Kwa mnunuzi, somo ni hili: bidhaa yenye wauzaji wengi humlinda mteja. Mwenye seva ya NFS akichoshwa na bei za muuzaji mmoja anaweza kuhamia kwa mwingine bila kubadili kompyuta za wafanyakazi wake.

Aidha, uwazi huo una gharama yake. Katika matoleo ya pili na ya tatu, utaratibu wa kawaida ulikuwa seva kuiamini namba ya mtumiaji inayotumwa na kompyuta yake. Mtu mwenye mamlaka kamili juu ya kompyuta iliyoruhusiwa anaweza kujivika namba ya mhasibu na kusoma faili za mishahara. Toleo la nne lina njia madhubuti ya kuthibitisha mtumiaji iitwayo Kerberos, lakini lazima fundi aiwashe.

Lipo pia kosa dogo lenye hasara kubwa. Katika orodha ya saraka zilizotangazwa kwenye Linux, jina la kompyuta na ruhusa yake kwenye mabano huandikwa bila nafasi kati yake. Fundi akiacha nafasi moja tu, ruhusa ya kuandika iliyokusudiwa kompyuta moja huwa ya kila mashine inayoweza kuifikia seva.

Kabla ya kulipa, mwenye ofisi amuulize fundi mambo manne. Je, ni kompyuta zipi zinazoruhusiwa, na kwa kusoma tu au hata kuandika? Je, msimamizi wa kompyuta ya mtumiaji amenyimwa madaraka ya msimamizi ndani ya seva? Je, seva imefichwa dhidi ya mtandao wa nje? Na je, nakala ya akiba iko wapi? Swali la mwisho lina uzito wake, kwani seva ikinyamaza, kompyuta zote kumi husubiri, na mishahara ya wanaosubiri huendelea kulipwa.