Al Bustan: Kijiji Kilichompisha Mgeni

Ukitoka Ruwi kwa gari kupitia Wadi Kabir, barabara hupanda kati ya milima myeusi, mikavu, isiyo na mti. Kisha huteremka, na bahari hujitokeza mbele yako. Hapo ndipo Al Bustan, kijiji cha pwani kilicho ndani ya wilaya ya Maskati, kusini-mashariki mwa mji mkongwe. Jina lake halimhitaji mkalimani. Al-bustan kwa Kiarabu ni bustani, neno ambalo Kiswahili kimelipokea na kulifanya lake.

Wengi wanaolitaja jina hili leo humaanisha hoteli, wala si kijiji. Sababu yake ni mkutano mmoja. Mwezi wa Novemba 1985 Oman iliwapokea wakuu wa nchi sita za Baraza la Ushirikiano la Ghuba, na palihitajika pa kuwalaza kwa heshima. Ufuko uliochaguliwa ulikuwa wa wavuvi. Kijiji chao kilihamishwa na kujengwa upya karibu hapo hapo, na mahali pake pakasimama Al Bustan Palace, hoteli yenye vyumba 250 na ukumbi wa katikati ambao kimo chake kinakaribia mita 40. Wakuu waliondoka mkutano ulipokwisha, hoteli ikabaki, na watalii wakafuata. Msimu wao mkubwa ni kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwani kiangazi cha Maskati huvuka nyuzi 40 za joto.

Basi Al Bustan ina pande mbili. Upande mmoja una bustani za kumwagiliwa, mabwawa ya kuogelea na ufuko mrefu wa wageni wa hoteli. Upande wa pili una nyumba za wenyeji, msikiti na maisha ya kila siku ya kijiji. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mwendo wa dakika chache tu, lakini wageni wengi huja na kuondoka bila kuumaliza mwendo huo.

Kitu kinachotazamwa na pande zote mbili ni chombo kilichowekwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na hoteli. Chombo hicho ni Sohar, kilichoundwa mjini Sur mwaka 1980 chini ya uongozi wa msafiri Tim Severin, kwa msaada wa Sultan Qaboos. Novemba mwaka huo kiling'oa nanga Maskati, na mwaka 1981 kikafika Guangzhou, China. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Msomaji wa Kiswahili hapo atakumbuka mtepe, chombo cha kushonwa cha mwambao wa Lamu, ambacho nacho kilikwenda masafa marefu bila msumari. Ufundi ulikuwa wa bahari moja, na mafundi walikuwa huku na kule.

Lakini hebu tulifikirie jambo hili. Chombo kinachosifu ujuzi wa mabaharia kimesimama mahali ambapo watu wa bahari walihamishwa. Hakuna anayeweza kusema kwamba hoteli haikuleta kitu: imeleta kazi, barabara nzuri na jina. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wahenga hao hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Swali ni kupona kwenyewe kunapimwaje.

Jibu moja liko Qantab, kijiji jirani. Huko wavuvi huwachukua wageni kwa mashua zao na kuwapeleka kutazama miamba na vighuba vya Bandar Jissah. Mgeni hulipa, mvuvi hupata, na ujuzi unaouzwa ni ule ule wa kuijua bahari. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, hoteli zimepanga ufukweni lakini majahazi bado yanaundwa kwenye mchanga ule ule, na mgeni husimama kutazama fundi akifanya kazi. Mambo hayajakamilika mahali popote, ila inaonekana kwamba mwenyeji hupona zaidi pale anapobaki na ufuko na kazi yake.

Hili si suala la mwaka 1985 peke yake. Dira ya Oman 2040 inautaja utalii miongoni mwa sekta za kupunguza utegemezi wa mafuta, na Yiti, mbele kidogo ya Qantab, mji mpya wa makazi na utalii unajengwa. Kila ufuko unaopangwa una watu wake.

Mwanachama utakayefika Al Bustan, anza na Sohar, uzitazame shono zake kwa karibu. Kisha vuka uende kijijini. Toa salamu kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikutana na mvuvi muulize majina ya samaki. Nguru kwa hapa huitwa kan'ad, na kwetu Pwani yuko kanadi, ndugu yake wa karibu. Majina ya namna hii hayaandikwi kwenye vipeperushi vya hoteli. Yanabaki midomoni mwa wavuvi, na mvuvi akiondolewa ufukweni, huondoka nayo.