Mgunga ni Mti Gani?

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanajua kwamba sanduku la agano lilitengenezwa kwa mti wa mshita. Wengi hupita hapo wakidhani mshita ni mti wa nchi za mbali, usioonekana kwetu. Jina hilo limetoka katika Kiebrania, shittah, na mti wenyewe ni mgunga: ndugu wa ile miti ya miiba iliyotawanyika Dodoma na Kajiado. Ng'ambo ya bahari, Waomani wana samur, ambao maua yake huwapa nyuki asali inayosifiwa sana. Samur ni mgunga ule ule wa Serengeti, wenye matawi yaliyotandazwa kama mwavuli.

Kwa Kiswahili, mgunga si jina la mti mmoja. Ni jina la ukoo mzima, na ukoo huo una historia ya kugombewa.

Katika karne ya kwanza, tabibu Mgiriki Dioscorides aliandika juu ya akakia, mgunga wa Misri uliotumika kama dawa. Jina hilo hunasibishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya ncha kali. Kutoka hapo wanasayansi wakapata Acacia, na mti uliokuwa kielelezo cha jina hilo ulikuwa huo huo wa Afrika. Baadaye ilibainika kwamba kundi lile lilikuwa kubwa mno, tena lilichanganya miti isiyo ya uzao mmoja. Ilibidi ligawanywe. Nani abaki na jina la zamani? Australia ina spishi zipatazo 1,000, na kuzibadilisha zote majina ingekuwa kazi kubwa. Suala hilo likafika kwenye mkutano wa wanabotania mjini Vienna mwaka 2005. Asilimia 54.9 ya kura zilipinga pendekezo la kuipa Australia jina hilo, lakini kanuni zilitaka asilimia 60 ili pendekezo lianguke. Halikuanguka. Mkutano wa Melbourne mwaka 2011 ukauthibitisha uamuzi huo, na migunga yetu mingi ikaandikwa upya kama Vachellia au Senegalia. Mimi bado naona uchungu kwamba mti uliozaa jina ndio uliolipoteza.

Hata hivyo, mgawanyo wenyewe ni wa kweli, na unaweza kuuona kwa macho, au kuuhisi kwa vidole ukiwa mwangalifu. Vachellia ina miiba miwilimiwili kwenye kitako cha jani, mara nyingi iliyonyooka kama sindano. Kwa asili miiba hiyo ni vijani vidogo vilivyogeuka kuwa vigumu. Maua yake mara nyingi ni vidonge vya mviringo. Miiba ya Senegalia huchomoza kwenye ganda la tawi, imepinda kama ndoano, na maua ya spishi zake nyingi hushikana kwenye kikonyo kirefu. Ukinaswa shati na Senegalia, ukivuta unazidi kunaswa. Inabidi urudi nyuma kwanza.

Sasa sikiliza Kiswahili. Pamoja na mgunga, tuna neno kikwata, litumikalo kwa miti miwili ya ndoano, senegal na mellifera, na yote miwili wanasayansi wameiweka katika Senegalia. Huo wa kwanza ndio unaotoa gundi ya Kiarabu, ambayo Sudan huiuza dunia nzima. Ndani ya soda, gundi hiyo huyashika mafuta ya ladha yasijitenge na maji. Lakini mpaka hauko safi kila mahali. Ule mgunga wa mwavuli una miiba mirefu iliyonyooka pamoja na mifupi iliyopinda, juu ya tawi moja.

Wamaasai wanachambua zaidi. Oltepesi ni mgunga wa mwavuli, na ni jina la mahali pia huko Kajiado. Olerai ni ule wa gome la kijani-njano upendao maji, uliolipa jina msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro. Eluai ni ule wa miiba iliyovimba vifundo, ambamo sisimizi huishi na kumshambulia mnyama anayekuja kula majani. Kwa mfugaji, hayo ni majina matatu ya malisho, maji na hatari, naye hawezi kuridhika na neno moja.

Mkulima naye angehitaji kuuliza zaidi. Mti uitwao Faidherbia nao huitwa mgunga, lakini hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyachipua wakati wa kiangazi. Mahindi yaliyo chini yake hupata jua msimu wa kukua, na majani yaliyoanguka huirutubisha ardhi. Migunga mingine huwa na majani msimu huo huo wa mvua. Kwa hiyo anayenunua mbegu za mgunga kwa ajili ya shamba aombe kuliona tunda lenyewe: la Faidherbia ni la rangi ya chungwa, nene, limejikunja kama ganda la tunda lililomenywa kwa kisu bila kukatika.