Panga Safari Yako Kabla ya Kufika Mpakani

Je, msomaji, likizo moja yaweza kutosha ufuo, wanyama, mlima na utamaduni? Yaweza, mradi uipange njia isikurudishe nyuma.

Anzia Diani, Pwani. Pitia Nakuru watoto wakaone vifaru, kisha ushike barabara ya magharibi hadi mpakani. Hapo itakubidi kuchagua.

Malaba yafaa kwa anayekwenda Tororo na Mbale. Huko utapanda Mlima Elgon, ambao kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, na ukisonga hadi Kumi utaona michoro ya kale ya miambani ya Nyero. Ila Malaba ni njia kuu ya malori, na foleni yake hutisha. Kama shabaha yako ni Jinja, Nile inakotoka Ziwa Victoria, pitia Busia.

Sasa karatasi. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho. Mtoto hana kitambulisho, hivyo mtafutie pasipoti mapema. Mmoja akikwama, familia nzima hurudi nyumbani na akiba ya mwaka imepotea. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti mkibebe.

Je, una mgeni kutoka ng'ambo? Viza ya pamoja ya watalii hutumika Kenya, Uganda na Rwanda pekee. Akitaka kumalizia Zanzibar, aombe ya Tanzania kando.

Pesa nazo zibadilishe dukani, si kwa vijana wa barabarani.

Safari njema!